Joto Chini ya Barabara

Mdogo wangu Taaka,

Nakusalimu kutoka Tororo, nami ni mzima. Asubuhi hii mafundi wa barabara walikuwa wakishindilia kifusi cha nyumba zilizobomolewa, kilichochanganywa na majivu ya kiwandani ili kishikane. Humo ilisagwa pia saruji ya kaburi moja, ingawa mifupa ya marehemu ilikwisha kuhamishiwa kijijini kwake Iyolwa.

Mjane wa marehemu huyo alipiga magoti barabarani, akaweka kiganja mahali palipokuwa na joto. "Baba Owor, umebaki huku? Twende nyumbani."

"Mama, hiyo joto ni ya majivu tu," alisema msimamizi.

"Sasa mbona iko hapa peke yake, urefu ya mtu?"

Msimamizi aligusa pembeni, akakuta baridi. Akazima mtambo, akavua kofia. Sote tuliokuwapo tukamwita Baba Owor aende nyumbani, hata ardhi ikapoa.

Nisalimie wa Buhehe, kila mmoja kwa jina lake.

Kaka yako akupendaye