Ngoma Aliyoibeba Mama Mgongoni

Mjukuu wangu Nyemo,

Huku Hombolo hatujambo, zabibu zimeiva. Unauliza kama kwaya yenu inamkosea Mungu kwa kurukaruka.

Nilipokuwa msichana, mzee wa kanisa alikataza ngoma ibadani. Siku ya mavuno, mama yangu akaifunga ngoma yake mgongoni kwa kanga, kama mtoto. Mzee akampisha mlangoni: "Pita mama, usimwamshe."

Wimbo wa pili, mama akaibana magotini, kama wanawake wa Kigogo wanavyopiga, akaipiga. Kanisa zima tukainuka, mabega yakatikisika, vumbi likatimka. Nikamtafuta yule mzee kwa hofu. Alikuwa mbele yetu sote, kavua viatu, anaruka!

Ngoma ile ninayo. Ukija Krismasi utaiingiza kanisani wewe, mikononi, kila mtu aione.

Bibi yako