Sahani ya Fidya

Kisauni, 9 Machi 2025

Shangazi Mwanatabu,

Shikamoo. Natumai nyote huko Likoni mu wazima na saumu haijawalemea. Mimi sijambo, na Mama usimwambie vinginevyo, kwani yeye akisikia jina langu hulia kwanza ndipo aulize.

Skuli ni nzuri. Kidato cha tatu hakina mateso kama tulivyotishwa. Tatizo ni huu mwezi wa Ramadhani. Wenzangu Waislamu wakiamka kula daku, mimi nabaki kitandani na Lynnette, Mkristo kutoka Kitale, ambaye hata paa likianguka haamki. Mchana nakula naye. Kisukari changu anakijua metroni peke yake, maana dawa zinakaa kwenye friji yake. Sindano najidungia chooni. Nikiulizwa mbona sifungi, nasema niko katika siku zangu. Sasa siku zenyewe zimepita wiki, na kuna msichana ameanza kunionea huruma.

Nimechoka, Shangazi. Siumwi. Naamka nimechoka, nalala nimechoka.

Bintiyo,
Sabah

Likoni, 12 Machi 2025

Mwanangu Sabah,

Marahaba. Sisi wazima, ila kiuno changu kinajua kuinama tu, kuinuka kimesahau. Barua hii anakuletea Anwar wa duka, anayekuja huko kuchukua mizigo.

Hizo siku zako zimenichekesha. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yako imeishia kwenye kalenda. Huna dhambi yoyote. Daktari alikukataza kufunga, na imamu akasema dini haikutaka ujiangamize. Tangu mwezi uandame mimi nakutolea fidya, chakula cha mtu mmoja kwa kila siku usiyofunga. Jioni nampelekea Bi Asmaa, yule mjane wa nyumba ya nyuma, sahani ya mihogo ya nazi, na samaki nikipata. Anakuombea dua, kisha analalamika chumvi.

Kwa hivyo wewe kula, jidunge, usome. Ila huko kuchoka hakunipendezi. Zungumza na mtu, hata huyo Lynnette akiwa macho.

Shangazi yako,
Mwanatabu

Kisauni, 15 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua imefika. Mimi mzima.

Madrasa tulifundishwa fidya ni ya nani. Ni ya kikongwe asiyejiweza na ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Sikujua kama nimeshawekwa kundi hilo. Nina miaka kumi na sita. Mlikaa lini mkaamua?

Usimpelekee tena Bi Asmaa kwa jina langu. Saumu yangu nitaifunga mwenyewe.

Sabah

Likoni, 26 Machi 2025

Mwanangu,

Salaam nyingi baada ya dua. Jana metroni alinipigia kwamba umerudi bwenini na unamaliza chakula. Alhamdulillahi. Nakuandikia kwa sababu pale hospitalini Mamako alilia hata sikupata nafasi ya kusema.

Barua yako ilinifikia Jumatatu ya wiki iliyopita, bila neno "bintiyo". Nilivaa buibui nikaenda kupanda feri, na nilipofika skuli walikuwa wameshakukimbiza hospitali, unatapika hujitambui. Ulikuwa umefunga bila kujidunga, ukidhani asiyekula hana haja ya sindano. Daktari alinieleza kuwa mwili unataka insulini hata tumbo likiwa tupu, na ikikosekana damu inageuka sumu. Niliogopa, Sabah. Wallahi sijapata kuogopa vile.

Sasa nisikilize. Ni kweli kisukari chako hakitapona. Nilikuwa nalikwepa neno hilo, nikakuacha ulisome peke yako kwenye sahani. Lakini kutopona si kufa. Haya macho yangu yanayofifia nayo hayatapona, na bado nauona uchafu wa nyumba za watu.

Bi Rosalia, yule mshauri wa kliniki uliyezungumza naye, aliniambia vijana wengi wenye kisukari huchoka hivyo hivyo rohoni, na kuchoka huko kunatibiwa kama sukari yenyewe. Jumamosi za likizo wanakutana. Utakwenda, hata kama nitakuburura kwa sikio. Na Bi Asmaa ataendelea kula, kwa kuwa hilo ni la dini. Usilione ni hukumu.

Shangazi yako akupendaye,
Mwanatabu

Kisauni, 18 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kiuno hakijambo? Mama hajambo? Mimi mzima, na safari hii ni mzima kweli.

Tangu nirudi kutoka kwako sijambo sana. Wale wa Jumamosi nawakumbuka, hasa Hashim wa Changamwe anayejidunga tangu ana miaka minne na hanyamazi. Kabla ya kumjua nilidhani ni mimi peke yangu ninayeichukia mashine ya kupimia sukari hadi kutaka kuitupa dirishani. Zipo bado siku nisizotaka kuamka. Ila sasa zikija nazisema, na Bi Rosalia ananipigia kwa simu ya metroni.

Wiki iliyopita choo kilikuwa na foleni. Nikakosa subira, nikaketi kitandani nikajidunga mbele ya Lynnette. Alitazama, akauliza kama inauma, nikamweleza ugonjwa wote. Alinuna kidogo kwa kuwa nilimficha. Kisha akauliza, "Sasa utajidunga hivyo mpaka lini?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Mpaka nizeeke."

Yeye akarudi kwenye kitabu chake. Mimi nikabaki nimeshika sindano. Shangazi, tangu niambiwe nina kisukari nilikuwa sijapata kujiona nimezeeka. Siku ile nilijiona, bibi mwenye mvi, mnene, namfokea mjukuu kwa kuacha friji wazi. Nimefurahi mpaka leo.

Bintiyo,
Sabah