Kaseti ya Majina

Bujumbura, Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Je, goti sasa linakuruhusu kuinuka upesi, au bado unamgombeza kila anayekuonea huruma? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Kanga ulizonitumia zimefika na moja nimeivaa leo. Ila roho inachemka, mama. Nimekasirika tangu Jumanne na hapa sina wa kumwambia, basi zigo hili utalibeba wewe.

Ulisikia nimeacha kutengeneza redio, nimehamia duka la televisheni kuukuu huku Nyakabiga. Katika shehena moja iliyoshuka bandarini ilikuwamo kompyuta ya nyumbani ya zamani. Usidhani ni kama zile za maofisini. Hii ni ubao wa vitufe tu. Unauchomeka kwenye televisheni, na programu inasomwa kutoka kwenye kaseti ya kawaida, kama zile za kaswida alizokuwa nazo baba. Ukiizima inasahau kila kitu. Patroni wangu, mwenye duka, alitaka itupwe. Mimi nikakaa nayo miezi mitatu nikaitungia demo, yaani programu ya maonyesho: mawimbi ya rangi, mpira unaorukaruka, na muziki niliounga mwenyewe noti kwa noti, ingawa sauti yake ni ya mbu mwenye hasira. Mteja akiona picha na kusikia sauti, anajua televisheni ni nzima. Patroni alijisifu kana kwamba kaitunga yeye.

Chini ya picha niliweka mstari wa maandishi unaotembea, nikawasalimia ninyi nyote wa nyumbani kwa majina, kama salamu za redioni. Mama mmoja anayeuza ndizi mbele ya duka aliniuliza maneno yale yanasema nini. Nilipomweleza, akanishika mkono.

"Weka na jina ya mutoto yangu. Alikimbia na wengine, mi sijuwe kama iko Uvira ao iko kwenu Tanzania."

Nikaliweka. Kesho yake wakaja wengine, kila mtu na wake aliyepotea katika vita hivi: mume, binti, jirani wa zamani wa mtaa wa Carama. Hakuna aliyemuuliza mwenzake huyo wako ni wa upande gani. Walijua vizuri kwamba mstari ule hauonekani popote ila pale dukani, lakini walisimama wakangoja jina lipite, ndipo wakaenda kazini. Majina yalizidi arobaini.

Jumanne akaingia bwana mmoja wa usalama, hana magwanda, miwani myeusi usoni. Akausoma mstari wote.

"We mwanamuke, hii liste ya majina ni ya nini?"

"Ni salamu."

"Salamu ya watu wenye hawako? Kila jina utaandika na kabila yake pembeni, na nyumba ya mwenye alikupatia. Kesho nitakuya kuchukua kaseti."

Salamu, mama! Salamu nazo zinaulizwa kabila! Nikamgeukia patroni, nikidhani atasema neno. Akasema hivi:

"Fanya vile anasema. Sisi tunauza televizyo, apana politiki."

Mzee mzima! Na jina la dada yake mwenyewe limo humo humo; aliniomba niliweke siku moja watu walipokwisha kuondoka.

Nikaitia kaseti kwenye redio, nikabonyeza vile vitufe viwili vya kurekodi ili yaliyomo yafutike, nikaiacha izunguke mpaka mwisho, pande zote mbili. Kisha nikachomoa waya wa kompyuta. Patroni akapiga kelele, nami nikapiga zaidi yake. Yule bwana aliporudi nikamwambia kaseti imeharibika, na majina sikumbuki hata moja. Akanitukana matusi ambayo siwezi kukuandikia, akaondoka na kaseti isiyo na kitu. Nilimdanganya, Mungu anisamehe. Nayakumbuka yote, kwa mpangilio wake.

Sasa nimeamriwa kutunga demo nyingine, nami nimeiandika kwa siku mbili kutoka kichwani, fupi na bila muziki. Mawimbi yapo, mpira upo, na chini linapita jina la duka. Jana mama wa ndizi alikuja akasimama kama kawaida yake. Hajui kusoma. Akaniuliza, "Ya mutoto yangu imepita?" Wateja walikuwapo, na siku hizi hujui sikio lipi ni la nani. Nikamwambia, "Imepita, mama." Akanishukuru. Mimi, akanishukuru!

Najua utasema nifunge mizigo nirudi Ujiji. Sirudi, mama. Siwezi kufukuzwa na mtu aliyeogopa salamu.

Barua hii anakuletea yule mpagazi wa bandarini unayemjua; ameahidi kuificha, lakini barua siku hizi zinafunguliwa njiani. Kwa hiyo usinikasirikie kwa ninavyomaliza bila kutaja jina. Msalimie dada yangu mkubwa mwenye cherehani. Msalimie mjomba, na shemeji mwalimu, na mtoto wake wa mwisho ambaye sijapata kumwona. Wenyewe wanajijua.

Ni mimi binti yako wa pili. Jina ulinipa wewe, basi nitunzie huko huko.