Sauti Yako Mlangoni

Mwanangu,

Nimekwenda kwa mama yako mdogo. Maharage yako jikoni, yachemshe tena kabla ya kula. Nguo nimezianika nje, zianue wingu likitanda. Roboti nimelichomeka kwenye chaji, maana lenyewe halina kosa.

Kila asubuhi nikiwa navaa nakusikia nje ya mlango wangu: "Shikamoo mama, umeamkaje?" Nami najibu, "Marahaba baba, kazi njema." Majirani wote nimewatambia kwamba mwanangu hatoki bila kunijulia hali. Basi leo nikafungua mlango haraka nikupe sweta nililokufumia. Nani kasimama? Roboti, na sauti ni yako!

Nikaliuliza, "Mwenye sauti yuko wapi?"

"Ameshaondoka. Aliniagiza nikusalimie kwa sauti yake ili usijione mpweke."

Kumbe marahaba zangu zote zimeliwa na bati! Likanipa pole, tena kwa sauti hiyo hiyo.

Mimi sikukataa roboti. Linanipa dawa kwa wakati, linanishika mkono bafuni, na leo nilipoliuliza lilisema kweli. Niliyemzaa ndiye aliyenifanya mjinga.

~~Nitarudi Jumapili.~~ Sijui nitarudi lini.

Sweta liko kwenye kiti chako. Livae, asubuhi kuna baridi.

Na usinipigie simu. Nitajuaje kama ni wewe? Ukitaka kunisalimia, njoo nikuone mdomo ukifunguka.

Mama yako