Mlezi wa Mapipa

Ijumaa, jioni. Mawingu mazito, hakuna upepo. Wadudu wa ziwani wamepanda juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua polepole.

Kwa heshima na taadhima natangaza, mbele ya taa ya chemli na paka wa jirani, kwamba mimi, Mabula, mkazi wa Pasiansi, niliyejifunza kila ninachokijua kwa kuchungulia wengine wakifanya, nimekuwa Mlezi wa Mapipa katika kiwanda chetu cha nguo. Cheo kina fimbo. Fimbo inatumbukizwa kwenye pipa, inatolewa, inatazamwa kwa uso wa daktari. Mshahara ni uleule.

Natania kwa sababu sitaki kutazama dirishani.

Nieleze kwanza habari ya semina. Siku hizi pale kiwandani mtu akisikia neno semina anashika tumbo. Ya kwanza ilikuwa ya kutueleza ubinafsishaji ni nini, na haikupita muda banda la kufumia likafungwa. Ya pili ilikuwa ya kuongeza tija, na majina yakabandikwa getini. Mzee Shija wa kitengo cha rangi alisoma jina lake pale, akalisoma tena, akarudi kwake Kiseke. Hakumaliza mwaka. Akina mama waliokwenda msibani walirudi wakinong'ona kwamba kucha zake zilikuwa bado za bluu.

Kwa hiyo ilipotangazwa semina ya tatu, ya kuwajengea wafanyakazi ujuzi wa kutunza mazingira mahali pa kazi, tulikwenda tumevaa vizuri na kimya, kama watu wanaokwenda kuaga.

Mkufunzi alikuwa mama mpole kutoka Dar. Nilimchunguza sana nikitafuta pale anapodanganya, sikupaona. Alituambia tufagie pamba pakavu kabla ya kumwaga maji. Tutie nguo rangi hafifu kwanza, halafu nzito, kwa maji yaleyale. Na zaidi ya yote, maji machafu ya rangi yasiende tena kwenye mfereji unaoshuka ziwani. Yawekwe kwenye mapipa, yatiwe chokaa, yaachwe siku tatu. Uchafu utazama. Maji ya juu yatafaa kuoshea sakafu, tope la chini likaushwe na kufukiwa.

Wengi wetu tulisubiri soda. Mama Kulwa hakusubiri soda.

Huyu Mama Kulwa ndiye msimamizi wa kitengo cha rangi, mama wa mapacha kutoka upande wa Bujora, mikono ya bluu mpaka kwenye viwiko. Alipokea kazi ya Mzee Shija na kiti chake pia, kile cha mbao chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Lile somo la mapipa lilimwingia kama dini. Asubuhi kabla hajavua kitenge cha safari alikuwa ameshafunua mifuniko. Siku moja akaniita.

"Kaka Mabula, njoo uangalie."

Nikainama.

"Unaona nini?"

"Naona mwanamume mzuri."

"Basi bado ni machafu."

Lakini hayakuwa machafu. Niliona mpaka chini ya pipa, tope limelala kama uji uliopoa. Maji ya juu yalikuwa maji. Sijamwona mtu mzima akifurahia maji namna ile.

Sasa, Meneja. Mkufunzi aliporudi Dar, Meneja akatukusanya uwanjani akasema somo limempendeza, na ili tusilisahau kutakuwa na mashindano. Kila Ijumaa Mlezi wa Mapipa atapita na fimbo. Kitengo chenye mapipa matupu kimeelewa semina. Kitengo chenye mapipa yaliyojaa hakijaelewa.

Hakuna aliyeuliza kitengo kisichoelewa kitafanywa nini. Sote tulitazama getini.

Wenzangu wa kushona na kupakia walifaulu tangu siku ya kwanza. Hawana maji machafu, mapipa yao hayajawahi kuona kitu zaidi ya maganda ya karanga. Kitengo cha rangi ndicho pekee kilichofanya tulichofundishwa, kwa hiyo ndicho pekee kilichokuwa na mapipa yaliyojaa. Ijumaa ile ya kwanza nilitumbukiza fimbo kwa Mama Kulwa ikatoka imelowa zaidi ya nusu. Meneja alikiangalia kile kiti cha mguu wa waya.

Ijumaa iliyofuata fimbo ilitoka kavu.

Nilijua. Ila kujua bila kuona kuna nafuu yake. Juzi Jumatano nafuu hiyo ikaisha. Nilizunguka nyuma ya banda la rangi kutafuta kamba, nikamkuta Mama Kulwa. Mapipa yameinamishwa, maji yanakwenda kwenye ule mfereji wa zamani, chini ya uzio, kuelekea ziwani. Bluu tupu, bado hayajatulia. Alikuwa ameshika mfuniko kifuani.

"Hujaniona," alisema.

"Sijakuona."

"Kulwa na Doto wanafungua shule Jumatatu."

"Ndiyo maana sijakuona."

Hakucheka. Wala mimi.

Sasa nieleze habari ya ndege.

Ni yangeyange, mmoja wa wale weupe wanaofuata ng'ombe. Alianza kuja baada ya ile Ijumaa ya fimbo kavu. Anasimama juu ya ukuta wa kitengo cha rangi, pale Mzee Shija alipokuwa akila viazi vyake mchana. Miguu yake ni ya bluu. Mwanzoni ilikuwa vidole tu, tukasema kavaa soksi. Mpaka jana ilikuwa imefika kifuani. Jamaa wa kupakia wanamwamkia wakipita: "Shikamoo, mzee." Wanasema amerudi kuangalia nani amekalia kiti chake. Wanacheka, halafu wanapita mbali na ule ukuta.

Mimi siamini mambo hayo. Nina maelezo kamili: ndege huwinda kwenye maji ya kina kifupi, mfereji unamwaga kwenye maji ya kina kifupi, na rangi yetu ilisifiwa siku zote kwa kutochuja. Mambo yote yapo wazi.

Ila alfajiri bomba likikauka nachota maji ziwani kama majirani wote, na siku hizi naiinua ndoo mpaka kwenye mwanga kabla ya kuujaza mtungi. Chai pia naitazama kabla ya kunywa. Chai haiwezi kuwa bluu. Najua. Naitazama.

Na jana yangeyange alisimama hapa, dirishani kwangu. Pasiansi yote ina mawe ya kutua, akachagua dirisha langu.

Leo asubuhi niliamka nimeamua. Nitasema mbele ya Meneja kwamba fimbo inapima kitu kisicho sahihi. Nililifanyia mazoezi neno hilo njia nzima: kisicho sahihi. Nitasema pipa lililojaa ndilo lililosoma. Sitamtaja mtu.

Tukapanga mstari. Nikapita na fimbo kushona, kavu. Kupakia, kavu, na ganda moja la karanga. Nikafika kitengo cha rangi. Nikatumbukiza, nikatoa. Kavu.

"Haya, Mlezi," alisema Meneja. "Tupe taarifa."

Nikafungua mdomo. Yangeyange akatua ukutani, nyuma ya bega la Meneja. Bluu ilikuwa imefika shingoni. Watu wote wakamtazama yeye badala ya mkubwa, mpaka mkubwa naye akageuka.

"Ndege gani huyo?"

"Yangeyange, mzee," mtu akajibu.

"Mbona yuko hivyo?"

Mdomo wangu ulikuwa bado wazi, na neno langu la mazoezi halikuwemo.

Mama Kulwa akatoka kwenye mstari. Hakupaza sauti. Alizungumza kama mtu anayeeleza namna ya kupika.

"Ni mimi, mzee. Mlitufundisha kuacha maji yatulie siku tatu. Halafu mkataka mapipa matupu Ijumaa. Kazi haiishi, maji hayaishi. Nikachagua Ijumaa. Nayamwaga nyuma ya banda, yanakwenda ziwani, na yule pale ndiye anayekanyaga. Kama ni jina la kubandika getini, ni hili langu. Wenzangu niliwaamuru mimi."

Nilisikia bati la banda lililofungwa likigonga mara moja. Upepo haukuwepo, nimeshasema.

Nikapata sauti. Nikasema ni kweli, na kwamba mimi nilimwona nikanyamaza, na kwamba aliyatuliza maji mpaka nikaona chini ya pipa, tena kwa uzuri kuliko mtu yeyote aliyekaa kwenye ile semina. Mama Kulwa alinitazama kwa hasira. Alikuwa hajaniomba.

Tukangoja. Kitengo kizima cha rangi kilificha mikono nyuma, kama watoto.

Meneja alitazama saa yake, akatazama getini. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeulizwa habari za nyumba aliyohama zamani.

"Sasa hivi," alisema, "mapipa ni matupu au si matupu?"

"Matupu," alijibu Mama Kulwa.

"Yote?"

"Yote."

"Basi hakuna neno."

Akaenda ofisini. Sisi tukabaki tumesimama, hatujui kama tumesamehewa au hatujasikiwa. Mama Kulwa akakiangalia kiti, asikikalie.

Mchana lori likaingia, na Meneja mwenyewe akalifungulia geti. Vijana wa lori wakaanza na mapipa ya kitengo cha rangi. Nikamuuliza dereva anayapeleka wapi. Akasema hajui, yeye kaambiwa tu achukue. Alichojua ni kwamba mapipa yaliuzwa kabla ya semina, na aliyeyanunua alisema anayataka matupu.