Kope za Mama

Mpwapwa, Agosti 1991

Nathanaeli wangu,

Huku pepo za kiangazi zimeanza, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Sabuni uliyotuma kutoka dukani kwako Chang'ombe imenukiza nyumba nzima.

Mama amepasuliwa kope. Unakumbuka nilikuambia siwezi kuolewa mbali, maana kila asubuhi analaza kichwa mapajani mwangu nimng'oe kope zilizogeukia ndani zikamchoma jicho. Bibi aling'olewa kwa kucha, mama kwa kibano. Sasa daktari wa macho amekuja na gari lake, akazigeuza zote zitazame nje, hata kabla chai haijachemka. Mama akaniambia, "Haya, mwanangu, nenda kwa mwenzio."

Lakini leo jua lilipochomoza alikuja na mkeka wake, akalaza kichwa palepale, akafumba macho. Nikatafuta kope za kung'oa, hazikuwepo. Nikaendelea kutafuta, naye akaniacha nitafute, mpaka uji ukapoa.

Njoo unichukue, nitakufuata. Ila usije asubuhi.

Ni mimi wako,
Anitha