Disketi Juu ya Redio

Bujumbura, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na mvua za Ujiji zimewaachia hata njia ya kupita? Mimi mzima wa mwili. Ni uchovu tu umenizidi, hata kalamu naiona nzito.

Najua alfajiri ya leo mlikuwa bandarini Kigoma mkinitazamia. Nisamehe, Mama. Begi langu lilikuwa tayari, na vitenge vya harusi ya mdogo wangu Zaituni vimo ndani mpaka sasa.

Ijumaa tajiri wangu, Bwana Seif, aliniambia nimalize kompyuta ya zahanati moja ya Kinindo, kisha niende zangu kumwoza Zaituni. Kompyuta ile ilikuwa haiwaki, na dozi za wagonjwa wote wa kifua zimo humo. Ikifika hapo huiamshi ila kwa disketi maalumu, yenye vile vitu vichache vinavyoiwezesha kuwaka. Nikaitengeneza disketi hiyo dukani kwetu, hapa mtaa wa Asiatique, nikaijaribu, ikakubali. Nikaiweka juu ya redio nisije nikaisahau.

Redio hapa hatuizimi. Ndiyo inayotuambia barabara ipi imefungwa, risasi zimelia wapi, na saa ngapi kila mtu awe ndani. Kwa hiyo kitu cha muhimu tunakiweka pale. Lakini spika ya redio ina sumaku, na sumaku hufuta disketi. Nalijua hilo kama jina langu! Uchovu umenifanya punguani.

Jana asubuhi naichomeka kule Kinindo: kimya. Muuguzi, Mama Yvonne, akanishika mkono. "Sasa mi nitapatia bagonjwa dawa namna gani? Batu beko inje banangoja."

Nikarudi dukani kutengeneza nyingine, umeme hakuna. Bwana Seif aliposikia nilipoiweka akashika kichwa. "Juu ya radio? We uko na akili kweli?" Kisha akapoa. "Bato inatoka saa sita. Wende tu, wanakungoja kwenu."

Sikwenda. Ningewaachaje wagonjwa wale waliokuwa wakingoja nje? Umeme ulirudi alasiri, nikatengeneza disketi nyingine nikaipeleka, kompyuta ikawaka, Mama Yvonne akalia. Mimi sikuwa na nguvu hata ya kufurahi.

Boti nyingine haijulikani. Barua hii anaileta mfanyabiashara anayepitia Uvira. Mimi sina karatasi za kupita Kongo. Harusi msiiahirishe. Msomeeni shehe haya: mimi Hamisi, walii wa Zaituni tangu baba atutoke, nimemfanya Baba Mdogo Rashidi wakili wangu amwozeshe kwa niaba yangu. Bwana Seif na fundi saa, jirani yetu wa hapa dukani, wameshuhudia, sahihi zao ziko nyuma.

Nisalimie Bibi, Baba Mdogo, na shemeji yangu mtarajiwa, nimemwamini bila kumwona.

Na Baba Mdogo akiingia chumbani kumuuliza Zaituni idhini yake, asiharakishe. Amuulize taratibu, angoje mpaka ajibu mwenyewe. Nilitaka sana niwe mimi wa kumuuliza.

Mwanao,
Hamisi